Jinsi vivumishi vya Kiingereza vinavyoundwa na mitego inayomkabili mtumiaji wa Kiswahili

KIVUMISHI ni neno linaloeleza zaidi kuhusu nomino: jinsi kitu kilivyo, kinavyofanana, kinakotoka au kinachoweza kutendwa. Katika shule zetu, vivumishi vya Kiingereza aghalabu hufundishwa kwa orodha ndefu ambazo mwanafunzi huzikariri neno baada ya neno, kana kwamba kila moja lilizuka lenyewe. Sivyo. Sehemu kubwa ya vivumishi vya lugha hiyo imeundwa kutokana na maneno mengine kwa kanuni zinazoelezeka, na anayezifahamu kanuni hizo anaweza kufumbua neno ambalo hajawahi kukutana nalo.

Ikumbukwe kwamba suala hili halikomei darasani. Mkataba wa nyumba ya kupanga, karatasi inayoambatana na dawa, bango la hospitali, ilani ya mahakama na maandishi ya tahadhari kwenye lori la mafuta, yote hayo nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza mara nyingi kuliko Kiswahili. Si ajabu neno linaloamua haki, afya au usalama wa msomaji likawa ni kivumishi kimoja tu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Maadamu lugha hizi mbili zimewekwa bega kwa bega, kazi ya kuhamisha maana kutoka moja hadi nyingine imekuwa ya kila siku kwa mwandishi wa habari, karani, mwalimu, muuguzi na wakili.

Makala haya yanaeleza njia kuu ambazo Kiingereza hutumia kuunda vivumishi, namna kila njia inavyolingana na mbinu za Kiswahili, na mahali ambapo kanuni humhadaa msomaji.

CHIMBUKO LA HAZINA MBILI

Kiingereza kina vivumishi asilia ambavyo havikuundwa kutokana na neno jingine lolote linalotumika leo. Hivi ni kama "good", "old", "long", "cold" na "red". Ni maneno mafupi, ya kale, na hutumika kila siku.

Katika Kiingereza cha Kale, vivumishi vilibadilika kulingana na jinsia, idadi na uamilifu wa nomino. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hilo kwa sababu hata sisi husema mtu mzuri, kitabu kizuri na miti mizuri. Hata hivyo, upatanisho huo ulififia kadiri karne zilivyosonga, na kufikia karne ya 15 ulikuwa umetoweka. Leo "good" ni "good" kwa mtu mmoja, kwa vitabu kumi na kwa msitu mzima.

Upotevu huo una athari kubwa. Katika Kiswahili, kiambishi awali humwonyesha msomaji kivumishi kinaandamana na nomino ipi. Katika Kiingereza, mambo mawili ndiyo yaliyosalia kumwongoza: mahali neno lilipo katika sentensi, na mwisho wa neno lenyewe. Ndiyo maana kivumishi cha Kiingereza hufaa kusomwa kuanzia mkiani.

Mikia hiyo ilitoka katika hazina mbili. Ya kwanza ni Kiingereza cha Kale chenyewe, kilichotoa viambishi tamati kama vile -ful, -less, -ish, -y, -en, -ly na -some. Ya pili ilifunguliwa mwaka wa 1066, William wa Normandy alipoivamia Uingereza na kutwaa kiti cha ufalme. Kwa karne kadhaa baada ya hapo, Kifaransa kilitumiwa katika makao ya mfalme na mahakamani, huku Kilatini kikitawala kanisani na katika taaluma. Kutoka huko zilikuja -able, -al, -ous, -ive na nyinginezo.

Athari ya Kifaransa ingalipo hata katika vyeo vya serikali yetu. Katika jina la Kiingereza la cheo cha Mwanasheria Mkuu, yaani "Attorney-General", kivumishi kimekuja baada ya nomino, kinyume na desturi ya Kiingereza. Huo ni utaratibu wa Kifaransa. Ndiyo sababu katika matumizi rasmi wingi huwekwa kwenye neno la kwanza, "Attorneys-General", kwa kuwa nomino ndiyo inayoonyesha idadi.

WINGI NA UKOSEFU

Viambishi viwili vinavyofahamika zaidi ni -ful na -less. Cha kwanza kinatokana na neno lenye maana ya kujaa. Cha pili hakitokani na neno "less" la siku hizi lenye maana ya pungufu, bali na neno la kale lililomaanisha kuwa huru au kutokuwa na kitu fulani. Hivyo "painful" ni -enye maumivu na "painless" ni -sio na maumivu. "Harmful" ni -enye madhara na "harmless" ni -sio na madhara. Kiswahili kina kivumishi -enye kwa upande mmoja, na -sio na kwa upande wa pili. Mlingano huo ni wa kutegemewa katika visa vingi.

Hata hivyo, si kila neno lina mwenzake. Yupo mtu "homeless", yaani asiye na makao, lakini Kiingereza hakina neno "homeful" kwa aliye nayo. Isitoshe, maneno mawili yanayoonekana kupingana huenda yasipingane. Kitendo "shameful" ni kitendo cha aibu, na mtu "shameless" ni mtu asiye na haya. Yote mawili ni lawama. Anayedhani kwamba la pili ni sifa njema kwa kuwa limeondoa aibu atakuwa ameelewa kinyume.

Mtego mwingine umo katika maneno ya thamani. "Worthless" ni kitu kisicho na thamani yoyote. "Priceless" kimeundwa kwa kiambishi kicho hicho, lakini maana yake ni kitu chenye thamani kubwa kiasi kwamba hakiwezi kutiwa bei. "Invaluable" nacho, licha ya kuanza kwa kiambishi cha ukanushi, kinamaanisha chenye manufaa makubwa mno. Mwajiri akiandika katika barua kwamba huduma za mfanyakazi wake zilikuwa "invaluable", amemsifu.

MFANANO NA UHUSIANO

Kundi la pili la viambishi huonyesha kwamba kitu kinafanana na kingine au kinahusiana nacho. Hapa Kiswahili kina chombo kimoja chepesi: a-unganifu pamoja na kiambishi ki-. Husema tabia ya kitoto, vazi la kifalme, suala la kisheria, sherehe ya kitaifa. Kiingereza, kwa upande wake, hugawanya kazi hiyo miongoni mwa viambishi vingi: -ish, -like, -ly, -al, -ic na -ical.

Mgawanyo huo huleta tofauti ambazo Kiswahili kisipotazama vizuri huzimeza. "Childish" na "childlike" yote ni ya kitoto. Hata hivyo, la kwanza hulaumu mtu mzima anayedeka au kununa kama mtoto, ilhali la pili husifu unyofu na moyo usio na hila. Mfasiri anayeandika "-a kitoto" katika visa vyote viwili ameacha hukumu ya mwandishi njiani. Kwa la pili, ni bora kusema -nyofu kama mtoto.

Jozi za -ic na -ical ni kero ya kudumu katika vyumba vya habari. "Economic" ni -a kiuchumi. "Economical" ni -a kubana matumizi, kama gari lisilotumia mafuta mengi. "Historic" ni tukio lenye uzito katika historia. "Historical" ni jambo lolote linalohusu historia. Kiswahili hutumia -a kihistoria kwa yote mawili, ndiposa tunasoma kuhusu ushindi wa kihistoria na riwaya ya kihistoria bila kutatizika. Anayefasiri kuelekea Kiswahili hana shida kubwa hapa. Anayefasiri kuelekea Kiingereza sharti achague.

Kiambishi -ly nacho kina sura mbili. Wanafunzi hufunzwa kwamba ni alama ya kielezi, na ni kweli kikiongezwa kwenye kivumishi: "quick" huzaa "quickly". Lakini kikiongezwa kwenye nomino, mara nyingi huzaa kivumishi. Kutokana na "friend" hupatikana "friendly", -a kirafiki. Kutokana na "day" hupatikana "daily", -a kila siku. Kanuni ya kutegemea ni kuchunguza neno lililo ndani kabla ya kuamua.

Kuna pia majina ya watu kulingana na nchi zao. Kiingereza hakina kiambishi kimoja kwa kazi hii. Husema "Kenyan", "Ugandan" na "Tanzanian", kisha "Congolese" na "Chinese", kisha "English" na "Turkish", na hatimaye "Omani", "Iraqi" na "Pakistani". Kiishio -i cha kundi hili la mwisho kina asili ya Mashariki ya Kati, ambako Kiarabu huunda vivumishi vya nasaba kwa njia hiyo. Neno "Swahili" lenyewe ni mfano: limetokana na wingi wa neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, likaongezwa -i, likawa -a watu wa pwani. Vivumishi hivi vyote huanza kwa herufi kubwa popote vinapotokea katika sentensi ya Kiingereza.

NOMINO MOJA, KIVUMISHI CHA UKOO MWINGINE

Tatizo ambalo huwasumbua raia zaidi ni lile la nomino kuwa ya Kiingereza cha kawaida ilhali kivumishi chake kimekopwa kutoka Kilatini au Kigiriki. Maneno haya mawili hayashabihiani hata kidogo. Mwezi ni "moon", lakini kinachohusu mwezi ni "lunar". Jua ni "sun", lakini umeme wa jua ni "solar". Bahari ni "sea", lakini viumbe wa baharini ni "marine". Mji ni "town", lakini maisha ya mjini ni "urban".

Hospitalini tofauti hii hugeuka kuwa ukuta. Jino ni "tooth", kivumishi chake ni "dental". Figo ni "kidney", kivumishi chake ni "renal". Moyo ni "heart", kivumishi ni "cardiac". Ini ni "liver", kivumishi ni "hepatic". Jicho ni "eye", kivumishi ni "ocular". Mgonjwa anayefahamu vyema kwamba tatizo lake ni figo, na hata anajua figo huitwaje kwa Kiingereza, anaweza kupita mbele ya mlango ulioandikwa "Renal Unit" asijue kwamba ndipo anapopatafuta.

Kiswahili hakina ukuta huo. Kitengo cha figo, daktari wa meno, ugonjwa wa moyo: nomino ile ile hutumika kwa kuunganishwa na -a. Hii ni hoja nzito kwa wasimamizi wa hospitali wanaotafakari kama mabango yao yaandikwe kwa lugha zote mbili. Neno la Kilatini humsaidia tabibu kuwasiliana na tabibu mwenzake. Mgonjwa humfaa lile analolitumia nyumbani.

UWEZEKANO, WAJIBU NA MTENDAJI ALIYEFICHWA

Kiambishi -able huongezwa kwenye kitenzi ili kuonyesha kwamba kitendo kinawezekana. "Readable" ni kinachosomeka, "drinkable" ni kinachonyweka, "washable" ni kinachofulika. Msomaji atatambua mara moja kwamba hii ni kazi ambayo katika Kiswahili hufanywa na kauli ya kutendeka, kwa viishio -ika na -eka. Ni mojawapo ya miafaka mizuri zaidi baina ya lugha hizi mbili.

Ndugu yake ni -ible. Kwa kawaida -able hufungamana na kitenzi kinachoweza kusimama peke yake, na mlango wake ungali wazi kwa maneno mapya: simu zilipokuja na betri za kuchajiwa, neno "rechargeable" lilikuwa tayari. Kwa upande mwingine, maneno ya -ible ni urithi uliofungwa. Ukikiondoa kiambishi, mara nyingi kinachosalia si neno la Kiingereza, kama ilivyo kwa "edible", "visible" na "possible". Zipo hitilafu, "accessible" ikiwa mojawapo, lakini kanuni hiyo humsaidia anayesita kuhusu tahajia.

Hatari iko katika maana. Katika lugha ya sheria na biashara, -able haimaanishi kuweza tu. Kodi iliyo "payable" tarehe 5 ya kila mwezi si kodi inayoweza kulipwa ikiwa mpangaji atapenda; ni kodi inayopaswa kulipwa. Mapato "taxable" ni mapato yanayotozwa ushuru. Malipo "non-refundable" ni yale ambayo hayatarudishwa hata mteja akibadili nia. Anayetafsiri "payable" kuwa "inayolipika" ametafsiri kiambishi, na ameuacha wajibu nje.

Kadhalika, -able humficha mtendaji. Tuchukue neno "affordable", ambalo limekuwa midomoni mwa Wakenya wengi tangu kabla ya kupitishwa kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024. Neno hili ni chotara: kitenzi "afford" ni cha Kiingereza cha Kale, kiambishi kimetoka Kifaransa. Maana yake ni kitu ambacho mtu anaweza kukigharimia. Lakini ni mtu gani? Kivumishi hakisemi. Nyumba ile ile inaweza kuwa nafuu kwa mwenye mshahara wa kila mwezi na isiwe nafuu kwa kibarua wa kutwa. Hata Kiswahili, kwa kusema "bei nafuu", hakijibu swali hilo. Msomaji makini hana budi kuuliza.

Neno "affordable" lisichanganywe na "accessible", ambalo limo katika Kifungu cha 43 cha Katiba kinachotaja haki ya kila mtu ya makao. "Accessible" ni yanayofikika au yanayopatikana bila kizuizi. Mnamo 1991, Kamati ya Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni ilipofafanua maana ya makao ya kutosha, ilivitenga vigezo hivi viwili. Kimoja kinahusu gharama, cha pili kinahusu makundi yanayohitaji kuangaliwa zaidi kama vile wazee na watu wenye ulemavu. Mfasiri anayeandika "nafuu" kwa maneno yote mawili amefuta haki moja kwa kalamu yake.

MCHOSHI NA ALIYECHOKA

Vivumishi vingine huundwa kutokana na vitenzi kwa -ing na -ed. Hili ni eneo ambalo makosa yake huchekesha na wakati mwingine huumiza. Kiishio -ing huelekezwa kwa kinachosababisha hali. -Ed huelekezwa kwa aliyepatwa na hali. Hotuba ni "boring", msikilizaji ni "bored". Maelezo ni "confusing", mteja ni "confused". Mtu anayeketi mbele ya jopo la mahojiano ya kazi na kusema kwamba yeye ni "boring" amejitangaza kuwa mchoshi, ilhali alitaka tu kusema kwamba kazi yake ya awali ilimchosha.

Mswahili ana kipimo chake nyumbani. Hotuba ya kuchosha, msikilizaji aliyechoka. Maelezo ya kutatanisha, mteja aliyetatizika. Palipo na kauli ya kutendesha, yaani -sha, -za au -isha, Kiingereza hutaka -ing. Palipo na hali iliyokwisha kumfika mtu, Kiingereza hutaka -ed. Anayejiuliza swali hili kwa Kiswahili kabla ya kuzungumza hatatatizika tena.

Si kila kitenzi hufuata -ed. Vipo vyenye umbo la kale: kitu kilichovunjika ni "broken", kilichoandikwa ni "written", kilichooza ni "rotten". Aidha, -ed huweza kuongezwa moja kwa moja kwenye nomino ili kuonyesha kuwa na kitu, kama "bearded", mwenye ndevu. Njia hii iliwahi kuzua upinzani. Mnamo 1832, mshairi Samuel Taylor Coleridge alilikashifu neno "talented", mwenye kipaji, akidai kwamba hapakuwa na kitenzi cha kulizaa, na kwamba likikubaliwa basi hata shilingi itazaliwa kivumishi kwa mtindo huo. Hoja yake haikufua dafu. Leo neno hilo limo katika kila kamusi, na hakuna anayelinung'unikia. Watumiaji wa lugha ndio huamua.

UKANUSHI UNAODANGANYA

Kiingereza hukanusha vivumishi kwa viambishi awali. Kilicho asilia ni un-, kama katika "unhappy". Kutoka Kilatini kilikuja in-, ambacho hubadilika kulingana na sauti inayokifuata: "impossible", "illegal", "irregular". Kuna pia non-, dis-, na a- ya Kigiriki. Wakati wa janga la Covid-19 mwaka wa 2020, wahariri wa Kiswahili walilazimika kulikabili neno "asymptomatic" karibu kila siku. Waliolichambua waliona a- ya ukanushi na neno la dalili, wakaandika "asiyeonyesha dalili".

Viambishi hivi havibadilishani nafasi kiholela. "Non-human" ni kisicho binadamu, kama mnyama au mashine. "Inhuman" ni -a kikatili, na humhusu binadamu mwenyewe. "Immoral" ni mtu anayekiuka maadili. "Amoral" ni asiyejali kabisa suala la maadili.

Kuna neno moja ambalo hatari yake haipo kwenye karatasi. "Inflammable" linaonekana kumaanisha kisichoshika moto. Ukweli ni kinyume chake. Sehemu in- katika neno hili si ya ukanushi. Limetokana na kitenzi "inflame", kuwasha moto. Kwa hivyo lori lenye maandishi "Highly inflammable" limebeba kitu kinachoshika moto haraka mno. Katika karne ya 20, wataalamu wa usalama walihimiza neno fupi "flammable" litumike badala yake ili kuondoa utata huo. Maana ya maneno hayo mawili ni moja. Kisichoshika moto ni "non-flammable". Mzazi, dereva na mwenye kibanda kando ya barabara kuu wanapaswa kuijua tofauti hii kabla ya siku ya ajali. Ilani ya Kiswahili inayosema "Hatari! Hushika moto haraka" haina shaka wala utata.

Wakati mwingine neno moja hubeba maana mbili kwa sababu ya mpangilio wa viambishi. Mlango "unlockable" unaweza kuwa mlango usiofungika kwa ufunguo, au mlango unaofunguka kwa ufunguo. Inategemea ni kiambishi kipi kilitangulia kuungana na mzizi. Muktadha pekee ndio huamua.

MWAMBATANO NA NOMINO ZINAZOVAA SURA YA VIVUMISHI

Njia nyingine ni kuambatanisha maneno mawili au zaidi, aghalabu kwa kistari kifupi. Kistari hicho si pambo. Mwaka wa 1898, simba wawili waliwaua wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la reli katika mto Tsavo. Kwa Kiingereza, hao ni "man-eating lions", simba wala watu. Kistari kikiondolewa, maneno yaliyosalia yanaweza kusomwa kana kwamba mtu ndiye anayewala simba.

Mwambatano wa nambari una kanuni yake. Mpango wa miaka mitano ni "five-year plan", wala si "five-years plan", kosa ambalo hujitokeza sana. Sababu tumekwisha kuiona: kivumishi cha Kiingereza kilipoteza alama ya wingi karne nyingi zilizopita, na neno "year" linapoingia katika nafasi ya kivumishi, nalo huvua alama hiyo.

Hatimaye, kuna nomino inayofanya kazi ya kivumishi pasipo kiambishi chochote. Karo ya shule ni "school fees", kituo cha polisi ni "police station". Hata chama cha KANU kilipoanzishwa mwaka wa 1960, jina lake la Kiingereza lilianza kwa "Kenya", nomino tupu, badala ya kivumishi "Kenyan". Nomino hizi zinapopangwa foleni, msomaji wa Kiswahili anashauriwa aanze nyuma. "Land dispute resolution committee" husomwa kutoka mwisho: kamati, ya utatuzi, wa mizozo, ya ardhi. Foleni ya Kiingereza ikigeuzwa, sentensi ya Kiswahili hujitengeneza.

ULINGANISHI

Vivumishi vingi vya silabi moja huongezwa -er na -est, kama "long", "longer", "longest". Vya silabi mbili vinavyoishia kwa -y hugeuza herufi hiyo: "happy" huwa "happier". Vya silabi tatu au zaidi hutanguliwa na "more" na "most". Vichache hubadilika kabisa: "good", "better", "best", "bad", "worse", "worst". Kuchanganya mbinu mbili, kwa mfano kusema "more better", kulikubalika katika enzi za Shakespeare, lakini leo huhesabiwa kosa. Kiswahili hakigusi kivumishi chenyewe. Hutosheka na zaidi, kuliko au kushinda.

MASWALI MATATU YA KUJIULIZA

Kwa muhtasari, anayekutana na kivumishi kigeni cha Kiingereza anaweza kujiuliza maswali matatu. Kwanza, mkia wake unasema nini: wingi, ukosefu, mfanano, uwezekano au hali iliyomfika mtu? Pili, ni neno gani lililo ndani, nalo ni nomino au kitenzi? Tatu, je, kuna kiambishi mbele, na ni cha ukanushi kweli?

Maswali hayo humfikisha msomaji mahali pazuri katika visa vingi. Yanaposhindwa, kama katika "inflammable", "invaluable" na "payable", dawa ni kamusi na uangalifu. Pale ambapo fedha, matibabu au maisha ya mtu yanategemea neno moja, ni wajibu wa mwandishi wa ilani, mkataba au bango kuliweka pia kwa Kiswahili fasaha. Asimwachie mwananchi kazi ya kubahatisha maana kutokana na kiambishi.